Sura ya Sita: Kiwanda Kisicho na Miwa

Muwa ukishakatwa haungoji. Sukari iliyomo ndani yake huanza kupungua tangu panga lilipopita, na ukikaa juani siku tatu nne, kinachofika mizani ni nusu kuni. Ndiyo maana kiwanda cha sukari hujengwa katikati ya mashamba, mbali na bandari na mbali na miji mikubwa. Kiwanda cha nguo kikikosa pamba ya nyumbani kinaweza kuagiza ya ng'ambo ikaletwa kwa meli. Kiwanda cha sukari kikikosa miwa ya majirani zake kimekwisha, hata mitambo yake iwe mipya na akaunti yake ya benki iwe imejaa.

Jambo hili kila mtoto wa magharibi mwa Kenya hukua akilijua. Lakini ukifuatilia fedha ambazo serikali imemimina katika viwanda vya sukari ili kuviokoa, utadhani walioidhinisha hundi hawakuwahi kuambiwa. Kwa sura hii nimechagua Mumias, kwa kuwa ni viwanda vichache Afrika Mashariki vilivyopanda juu kiasi kile kisha vikaporomoka mbele ya macho ya nchi nzima. Niseme mapema nimesimama upande gani: naamini serikali ina haki, na wakati mwingine ina wajibu, wa kutia fedha za umma katika kiwanda kinachobeba maisha ya watu wengi. Ninachokipinga ni kuzitia mahali ambapo haziwezi kuota.

Mumias ni mji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka pwani ilipiga kambi hapo katika karne ya 19, ikaacha Uislamu ambao umedumu mpaka leo, na Waingereza nao waliutumia mji huohuo kama kitovu cha utawala wao wa magharibi kabla ya kuhamishia ofisi Kakamega. Ulikuwa mji wenye jina kubwa na kipato kidogo. Uhuru ulipokuja, vijana wake walikuwa wanatoka kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya majani chai, reli na viwanda vya mbali, kwa sababu nyumbani hapakuwa na zao la kuleta pesa.

Mwaka 1967 serikali iliiomba kampuni ya Kiingereza ya Booker ichunguze kama miwa ingestawi eneo hilo. Jibu lilikuwa ndiyo. Kampuni ya Sukari ya Mumias ikaandikishwa mwaka 1971, na mwaka 1973 miwa ya kwanza ikapita katika vinu. Serikali ilishika zaidi ya asilimia 70 ya hisa, Booker wakapewa kazi ya kuendesha. Hata leo kuna wenyeji wanaouita mtaa wa kiwanda Booker, ingawa Waingereza wenyewe waliondoka zamani.

Ubora wa mpango ule ulikuwa katika jinsi miwa ilivyopatikana. Kampuni ilikuwa na shamba lake kuu, lakini shamba hilo lilitoa sehemu ndogo tu ya mahitaji. Miwa mingine yote ilitoka kwa wakulima wadogo, mwenye ekari mbili, mwenye nne, mwenye kumi, waliotia saini mkataba na kiwanda. Kiwanda kiliwalimia kwa trekta, kikawaletea mbegu na mbolea, kikatuma wakataji, kikasomba mavuno mpaka mizani. Gharama zote hizo ziliandikwa kwenye hesabu ya mkulima na kukatwa siku ya malipo. Mkulima naye alileta ardhi, palizi ya familia yake, na subira.

Subira hiyo ndiyo kiini cha sura hii. Katika hali ya hewa ya magharibi mwa Kenya, miwa iliyopandwa kwa mbegu huchukua takriban miezi 18 hadi 24 kukomaa. Ikikatwa, shina huchipua tena, na machipukizi nayo huhitaji zaidi ya mwaka kabla ya kuvunwa. Mtu aliyetia saini mkataba alikuwa amefunga shamba lake kwa miaka mitano au zaidi. Mahindi hayapandwi hapo tena, wala maharagwe. Chakula cha nyumbani kitanunuliwa, na karo ya shule itasubiri lori la miwa. Mtu hawezi kufanya uamuzi kama huo bila kuamini kwamba miaka miwili ijayo kiwanda kitakuwepo, kitakuja kukata kwa wakati, kitapima kwa haki na kitalipa.

Kwa muda mrefu imani hiyo ililipa. Makumi ya maelfu ya familia yaliingia kwenye mikataba. Mumias ilizalisha zaidi ya nusu ya sukari yote ya Kenya katika miaka yake bora, kwa kiasi kilichofika karibu tani 250,000 kwa mwaka. Ilijenga shule, ikawa na timu ya soka iliyotamba ligi kuu, ikalipa kodi. Mwaka 2001 iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi, na walimu, makarani na wakulima wenyewe wakanunua hisa. Serikali iliendelea kupunguza umiliki wake, na baada ya mauzo ya mwaka 2006 ikabaki na asilimia 20. Mwaka 2009 ulifunguliwa mtambo wa umeme wa megawati 38 unaochoma makapi ya miwa, sehemu kubwa ya umeme huo ikiuzwa katika gridi ya taifa. Kisha kikaja kiwanda cha ethanoli kinachotumia molasi. Magazeti ya biashara yalisifu kampuni iliyojua kutotupa kitu.

Tazama vizuri, lakini, kila kitu hicho kimesimama juu ya nini. Makapi hutoka kwenye muwa. Molasi hutoka kwenye muwa. Mkopo uliojenga mtambo wa umeme ulipaswa kulipwa kwa umeme unaotokana na muwa. Kampuni sasa ilikuwa na matumbo matatu huku mdomo ukibaki mmoja, na mdomo huo ulikuwa shambani kwa mkulima mwenye ekari nne.

Na huko shambani mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Miwa ilikaa bila kukatwa miezi mingi baada ya kukomaa, ikipungua uzito na sukari. Makato yaliongezeka: kulima, mbegu, mbolea, usafiri, riba. Kuna wakulima waliosubiri karibu miaka miwili, wakapeleka miwa, wakapokea hati inayosema kwamba wao ndio wanaodaiwa na kiwanda. Wengine walikuwa na malipo mazuri kwenye karatasi lakini fedha hazikuja kwa miezi. Wakati huohuo viwanda vingine vilikuwa vimefunguliwa jirani, vikiwa na malori yaliyo tayari kununua miwa kwa pesa taslimu bila kuuliza nani aliilipia mbolea. Mumias iliita hilo wizi wa miwa, na kisheria ilikuwa na hoja. Ila mama mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, na miwa inayokauka shambani, na kiwanda ambacho bado hakijamlipa mavuno yaliyopita, alikuwa na hoja nzito zaidi. Akauza kwa mwenye pesa mkononi. Mwaka uliofuata hakuipalilia. Mwaka wa tatu aling'oa, akapanda mahindi.

Hesabu za kampuni zilichelewa kuonyesha kilichokuwa kimeshatokea mashambani, na zilipoonyesha, zilionyesha kwa kasi. Katika mwaka wa fedha wa 2012 Mumias ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 2. Mwaka uliofuata ikatangaza hasara ya bilioni 1.67. Ukaguzi maalumu ulioagizwa wakati huo ulifichua maswali mazito kuhusu sukari iliyoagizwa kutoka nje na jinsi ilivyouzwa, na mkurugenzi mkuu akaondolewa. Mwaka 2014 hasara ikawa bilioni 2.7. Wizi na usimamizi mbaya vilikuwepo, na sina nia ya kuvipunguza. Lakini tusijidanganye kwamba kuwakamata wahalifu wote kungeirudisha miwa iliyong'olewa. Fedha zilizoibwa zinaweza kufuatwa mahakamani. Msimu uliopita bila kupandwa haufuatiki.

Ndipo serikali ikaja na msaada.

Mwaka 2015 Hazina ya Taifa ilitoa fungu la shilingi bilioni 1, na mafungu mengine yakafuata miaka iliyofuata, mpaka jumla ikawa mabilioni kadhaa. Lengo lilitajwa hadharani: kuwalipa wakulima na wafanyakazi malimbikizo yao, kukarabati mitambo, kukirudisha kiwanda kazini. Mkurugenzi mpya mwenye uzoefu wa sukari aliletwa kutoka Jamaica. Kulikuwa na furaha ya kweli mjini, na mimi simlaumu mtu aliyefurahi. Aliyekuwa hajalipwa mshahara kwa miezi alilipwa. Aliyekuwa anadai miwa ya zamani alipata kitu. Hakuna ubaya wowote katika kumlipa mtu jasho lake.

Hata hivyo, tazama kalenda. Fedha zilizotoka katikati ya mwaka 2015, hata kama kila shilingi ingetumika kupanda miwa mipya, zingezaa miwa ya kusagwa mwaka 2017. Kati ya hapo na hapo kiwanda chenye uwezo wa kusaga takriban tani 8,000 za miwa kwa siku kilipaswa kuishi kwa kitu gani? Kiwanda cha sukari hakipunguzi gharama kwa kadiri miwa inavyopungua. Tanuri likiwashwa linataka kuchomwa usiku na mchana. Likizimwa kwa kukosa miwa na kuwashwa tena baada ya siku nne, gharama za kuliwasha ni zilezile na sukari iliyopatikana ni kidogo. Wahandisi, walinzi, riba ya benki, vyote vinaendelea. Kila wiki kiwanda kikubwa kinaposaga kidogo, kinakula mtaji wake chenyewe. Kwa hiyo fedha zilizotolewa kwa mafungu, kila fungu likizima moto uliokuwa unawaka wiki ile, zilikuwa zinanunua siku. Zilinunua wafanyakazi waliolipwa mwezi huo na vipuri vilivyofungwa mwezi huo. Hazikununua miwa ya mwaka 2017, kwa sababu hakuna aliyekwenda kwa mkulima na kumwekea mezani kitu ambacho kingemfanya aamini tena.

Hasara za kampuni zinaeleza yaliyobaki: bilioni 4.6 mwaka 2015, bilioni 4.7 mwaka 2016, bilioni 6.8 mwaka 2017, na zaidi ya bilioni 15 mwaka 2018. Mstari huo ulipanda wakati msaada ulikuwa unaingia.

Najua jibu la watetezi wa mpango ule: ukame. Ni kweli kwamba mwaka 2017 ukame ulipiga sekta nzima, na uzalishaji wa sukari wa Kenya ukashuka kutoka takriban tani 639,000 mwaka 2016 hadi takriban tani 376,000. Lakini ukame uleule ulifichua jambo jingine ambalo linanichoma zaidi. Bei ilipopanda, serikali ilifungua milango ya sukari ya nje bila ushuru, na mwaka huo ikaingia karibu tani milioni moja, yaani takriban sukari ya kutosha nchi nzima kwa mwaka mzima. Mlaji alihitaji sukari, hilo halina ubishi. Ila kiasi kile, kwa muda ule, kilimaanisha kwamba hata muwa uliosalimika ungekutana na soko lililojaa. Mwaka uliofuata nchi ilikuwa inajadili sukari ya magendo bungeni huku viwanda vikishindwa kuuza akiba zao. Hazina iliyokuwa inakinusuru kiwanda kimoja kwa mabilioni ndiyo Hazina iliyotia saini ruhusa ya ushindani ambao kiwanda hicho hakingeweza kuuhimili. Mtu anayetaka kujua kama serikali ina nia ya dhati ya kuokoa kiwanda asiangalie hundi peke yake. Aangalie pia forodha.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa ikiomba kinga ya muda chini ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kinga iliyoweka kikomo kwa sukari ya nchi wanachama inayoingia bila ushuru ili viwanda vya Kenya vipate nafasi ya kujirekebisha. Kinga hiyo iliongezwa muda mara nyingi. Kila nyongeza ilikuwa nayo ni msaada wa serikali, ingawa haikuandikwa katika bajeti: mlaji wa Kibera na wa Likoni aliulipia kwa kila kilo aliyonunua. Kwa hesabu hiyo, umma wa Kenya umekuwa ukisaidia viwanda vya sukari kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo, na una haki ya kuuliza miaka hiyo ilitumiwa kufanya nini.

Ni vizuri hapa kutoka Mumias kidogo tuone mahali ambapo msaada wa namna hii ulifanikiwa, kwa maana wako wanaosema hauwezi kufanikiwa kamwe. Mwaka 1979 kampuni ya magari ya Chrysler, ya tatu kwa ukubwa nchini Marekani, ilikuwa inakaribia kufa. Mwaka huo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Mkurugenzi wake, Lee Iacocca, akaenda Washington kuomba. Bunge la huko lilipitisha sheria, na Rais Jimmy Carter akaitia saini Januari 1980: serikali ingedhamini mikopo ya hadi dola bilioni 1.5.

Angalia kilichoandikwa ndani ya sheria hiyo. Serikali haikutoa fedha mkononi. Ilisema kwamba ikiwa Chrysler itashindwa kulipa benki, yenyewe italipa. Na kabla ya dhamana hiyo kufanya kazi, kila aliyekuwa anaitegemea kampuni alipaswa kwanza kutoa chake, jumla yake ikiwa takriban dola bilioni 2. Wafanyakazi kupitia chama chao walikubali kupunguziwa mishahara na marupurupu. Mabenki yalikubali kulegeza madai. Wauzaji wa vipuri na wauza magari nao walichangia. Iliundwa bodi ya kusimamia dhamana, wakiwemo Waziri wa Fedha na mwenyekiti wa benki kuu, yenye mamlaka ya kukataa fungu linalofuata. Rais wa chama cha wafanyakazi wa magari, Douglas Fraser, akapewa kiti katika bodi ya kampuni. Na serikali ikapokea haki ya kununua hisa zaidi ya milioni 14 kwa bei iliyopangwa, ili kampuni ikipona umma nao uvune.

Chrysler ilipona. Mwaka 1983 ililipa mikopo yote miaka saba kabla ya wakati, na haki zile za hisa zikaipatia hazina ya Marekani zaidi ya dola milioni 300. Watu wengi walipoteza kazi njiani, makumi ya maelfu, na asiyewataja anasimulia nusu ya habari. Lakini masharti yale yalifanya jambo moja ambalo fedha peke yake haziwezi kulifanya: yaliwafunga wote kamba moja. Hakuna aliyeweza kuchukua chake akatoka huku akiwaachia wengine mzigo.

Kule Mumias hali ilikuwa kinyume. Serikali ilikuwa na asilimia 20 ya hisa tu. Mabenki yaliyokopesha, yakiwemo ya nje yaliyogharamia mtambo wa umeme, yalikuwa na mali ya kampuni kama dhamana, na dhamana hiyo haikuguswa. Fedha za umma ziliingia mlango mmoja, na wakati kampuni iliposhindwa kabisa, wenye dhamana ndio waliokuwa wa kwanza kwenye foleni. Mwenye hisa, awe Serikali ya Kenya au mwalimu mstaafu wa Butere aliyenunua hisa 500, alikuwa wa mwisho. Na mkulima asiyelipwa miwa yake alikuwa mahali fulani katikati, akiwa na karatasi mkononi.

Kama ningekuwa na sauti mezani mwaka 2015, ningeomba mambo machache sana. Kwanza, kila shilingi ya ukarabati ingoje mpaka ijulikane kuna ekari ngapi za miwa na umri wake, shamba kwa shamba, kwa sababu bila hesabu hiyo hakuna anayejua mitambo itasaga nini. Pili, sehemu kubwa ya fungu la kwanza iwekwe katika akaunti maalumu ambayo kiwanda hakiwezi kuigusa, kwa kazi moja: kumlipa mkulima ndani ya siku chache baada ya miwa yake kupita mizani. Mkulima mmoja akilipwa Ijumaa kwa miwa aliyopeleka Jumatatu, kijiji kizima kitajua kabla ya Jumapili, na mbegu zitaanza kutafutwa bila kampeni wala mkutano wa hadhara. Tatu, mabenki yaitwe na yaambiwe wazi kwamba umma hautii fedha kama wao hawaahirishi madai yao. Na mwisho, ambalo ni gumu kisiasa, kiwanda kisimamishwe kwa muda. Kilale, kitunzwe, miwa ikue, wafanyakazi wa lazima tu walipwe, wengine wapewe haki zao kamili. Fedha zilizotumika kukilazimisha kisage miwa michanga na haba zingetosha kuwafidia watu wengi kwa heshima.

Kwa nini hilo la mwisho halikuwezekana? Kwa sababu moshi ni kura. Mwanasiasa anaweza kupiga picha mbele ya bomba linalotoa moshi. Hawezi kupiga picha mbele ya miwa ya miezi minne. Mwaka 2015 sukari ilikuwa vita vya kisiasa. Agosti mwaka huo rais alirudi kutoka Uganda na makubaliano kuhusu biashara ya sukari, na upinzani ukazunguka magharibi ukisema wakulima wameuzwa. Katika joto hilo serikali ilihitaji kuonyesha kitu mara moja, na upinzani ulihitaji kuonyesha kwamba kilichoonyeshwa hakitoshi. Siku ya uchaguzi iliyokuwa inakaribia ilihesabiwa kwa makini zaidi kuliko umri wa miwa.

Webuye, mwendo mfupi tu kaskazini mashariki, ilikuwa imeshapita njia hiyohiyo. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi mwaka 1974 na kuujenga mji mzima kukizunguka. Januari 2009 kilisimama kwa madeni. Serikali ikakitilia fedha, kikafunguliwa tena kwa shangwe, kikasimama tena muda si mrefu, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kampuni binafsi. Miaka ile ya katikati, maduka yalifungwa, nyumba za kupanga zikabaki tupu. Watu wa Mumias wangeweza kwenda Webuye asubuhi na kurudi jioni wakiwa wameiona kesho yao.

Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka Mumias chini ya meneja wa kukusanya madeni. Hisa zake zilisimamishwa sokoni. Desemba 2021 mali za kampuni zilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda kwa miaka 20, na papo hapo kesi zikafunguliwa. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilifuta mkataba huo na kumwondoa meneja. Mivutano ya mahakamani ikaendelea, huku Sarrai wakibaki kiwandani na mitambo ikirudi kazini. Sitaingia katika kesi hizo hapa, zina wanasheria wa kutosha. Ninachokitazama ni kilichotokea mashambani. Januari 2025 wakulima wanaopeleka miwa Mumias walilipwa bonasi ya shilingi milioni 150, mbele ya rais na kamera. Ikilinganishwa na mabilioni ya mwaka 2015 na baadaye, hizo ni fedha kidogo. Lakini zilikwenda kwa mtu sahihi, na zilitokana na sukari iliyouzwa. Ukiniuliza ni fedha zipi zilizofanya kazi kubwa zaidi Mumias katika miaka 10 iliyopita, nitataja hizo milioni 150 kabla ya bilioni yoyote.

Nchi sasa imechagua njia nyingine kwa viwanda vilivyobaki mikononi mwake. Mwaka 2023 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kufutwa kwa madeni ya viwanda vya sukari vya umma, zaidi ya shilingi bilioni 100, na mwaka 2025 vinne kati yake, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Kufuta deni ni msaada wa serikali kama msaada mwingine wowote, tena ndio mkubwa kuliko yote tuliyoitaja. Mlipa kodi ndiye aliyelibeba. Waliokodi wameanza na vitabu visafi ambavyo Mumias haikuwahi kupewa. Sipingi. Nasubiri kuona wakulima wa Nzoia wanalipwa kwa siku ngapi.

Na bado miwa haijatosha. Julai 2025 Bodi ya Sukari ya Kenya iliamuru viwanda vya ukanda wa chini wa magharibi, Mumias ikiwemo, visimamishe kusaga kwa miezi mitatu, kwa kuwa vilikuwa vinakata miwa ambayo haijakomaa. Amri kama hiyo ilikuwa imetolewa mwaka 2023. Viwanda vimekuwa vingi, vyote vina njaa, na malori yanashindana usiku kwenye barabara za vumbi kufikia shamba lenye miwa ya miezi 11. Mkulima anayeuza miwa hiyo anapata uzito mdogo, na kiwanda kinachoinunua kinapata sukari kidogo, lakini kila mmoja anaogopa kwamba akisubiri mwingine atatangulia. Kilichosimamishwa safari hii ni vinu, kwa amri, katika mashamba ambayo miaka 10 iliyopita yalihitaji kusubiriwa vivyo hivyo. Hakuna hundi iliyotolewa, na kelele zilikuwa nyingi. Wafanyakazi wa msimu walirudi nyumbani bila malipo, jambo ambalo serikali ingeweza kulishughulikia kwa sehemu ndogo ya fedha inazozitumia kwingine, na haikulishughulikia. Miwa, kwa miezi hiyo mitatu, iliendelea kukua.